Kipimo cha damu si ramli

Ni saa kumi na moja jioni Kasanga. Mitumbwi inaandaliwa kwa uvuvi wa usiku, taa zinajaribiwa, vijana wanapandisha nyavu. Mzee mmoja, aliyevua ziwani kwa zaidi ya miaka arobaini, amekaa barazani kwake. Hii ni siku ya nne hajashuka ufukweni. Macho yamekuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai kavu, na usiku halali kwa kuwashwa mwili mzima. Mkewe amemchemshia kila jani alilotajiwa na majirani.

Simu inaita. Ni binti yao anayefanya kazi Sumbawanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, kuna kipimo nimekiona kwenye kundi la WhatsApp. Wanatoa damu kidogo tu, wanakuambia kama una saratani ya kongosho au huna. Njoo Jumatatu tukapime, tujue moja."

"Na hela?"

"Nimeongea na baba mdogo. Anasema tuuze mashine ya mtumbwi."

Mzee ananyamaza. Mashine hiyo ndiyo inayonunua sare na madaftari ya kitinda mimba wake aliyeko kidato cha tatu. Mdogo wake, aliyekaa pembeni, anamjibia: "Tuuze tu, kaka. Mashine hununuliwa nyingine. Wewe tutakununua wapi?"

Mashine ikauzwa. Damu ikatolewa mjini, majibu yakaja kwenye karatasi: CA 19-9, na mbele yake namba iliyozidi kiwango cha kawaida zaidi ya mara kumi. Baba mdogo akaanza kuita ndugu. Mzee akarudishwa nyumbani "akapumzike". Hakuna aliyetamka kwamba anakufa, ila kila alipoingia chumbani watu waliacha kuzungumza.

Nyumba ya pili iko juu kidogo kutoka ufukweni. Mama wa miaka 58, muuza dagaa, amekonda mpaka kitenge anakifunga mara mbili. Mwaka jana aliambiwa ana kisukari, ingawa kwao hakuna mwenye ugonjwa huo. Mgongo unamsumbua, hasa akilala chali. Macho yake ni meupe kabisa. Mwanawe alisikia habari za kipimo kilekile, akampeleka. Majibu yalikuwa karibu na sifuri. Familia ikamshukuru Mungu, na mama akarudi kwenye dagaa zake akiwa na pakiti ya dawa za maumivu.

Nyumba hizi mbili ni za mfano, lakini yaliyozipata hutokea. Mzee mwenye namba ya kutisha hakuwa na saratani. Mama mwenye namba safi ndiye aliyekuwa nayo. Kwa nini kipimo kimoja kiseme mambo mawili, na yote yasiwe kweli?

Kongosho liko wapi?

Kongosho ni tezi yenye urefu wa takribani sentimita 15, imelala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo. Lina kazi mbili. Hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, hasa mafuta na protini, na hutengeneza insulini inayosimamia sukari mwilini. Kichwa cha kongosho kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mdogo, na mrija unaoshusha nyongo kutoka kwenye ini hupita hapohapo.

Mahali hapo pa kujificha ndipo penye shida. Mkono wa daktari haulifikii kwa kubonyeza tumbo. Uvimbe unaweza kukua muda mrefu bila mwenye nao kujua. Ukibana mrija wa nyongo, macho huwa ya njano. Ukigusa mishipa ya fahamu iliyo nyuma, mgongo huuma. Ukivuruga kazi ya insulini, sukari hupanda.

Saratani hii si miongoni mwa zinazoongoza Tanzania kama zilivyo za mlango wa kizazi, matiti na tezi dume. Lakini ni kali. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 510,000 wa saratani ya kongosho na vifo zaidi ya 467,000. Namba hizo mbili zinakaribiana sana. Marekani, pamoja na mashine zake zote, ni takribani wagonjwa 13 kati ya 100 wanaokuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Kwa waliogunduliwa uvimbe ukiwa bado haujatoka nje ya kongosho, wanaofikia miaka hiyo mitano ni takribani 44 kati ya 100. Tofauti hiyo ndiyo inayowafanya watafiti wahangaike kutafuta alama ya mapema kwenye damu, na ndiyo inayowafanya wauza vipimo wapate wateja.

Namba kwenye karatasi ilitafuta nini?

Kipimo cha CA 19-9 kilianzia kwa panya. Mwaka 1979 Harry Koprowski, daktari mzaliwa wa Poland, na wenzake katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, Marekani, walichapisha kazi ambayo ndani yake panya walichomwa seli za saratani ya utumbo mpana wa binadamu. Miili ya panya hao ilitengeneza kingamwili za kupambana na seli hizo ngeni. Kingamwili mojawapo, iliyopewa namba 19-9, ilikuwa na tabia ya kunasa kitu fulani juu ya seli hizo za saratani. Baadaye ilionekana kwamba kitu hicho hupanda pia kwenye damu ya wagonjwa wengi wa saratani ya kongosho.

Koprowski huyo aliwahi kufika na kazi yake karibu na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1958, kabla ya habari za saratani, chanjo yake ya polio ya kupitia mdomoni ilitolewa kwa watu zaidi ya 200,000 katika bonde la mto Ruzizi, wakati huo Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Mto huo unaingia upande wa kaskazini wa ziwa hilohilo ambalo Kasanga iko kusini mwake.

Kitu kinachonaswa na kingamwili ya 19-9 ni sukari ya aina yake, ambayo seli huibandika juu ya protini na mafuta yake, kama muhuri juu ya gunia. Seli za saratani ya kongosho hubandika mihuri mingi. Lakini seli nzima za kongosho na za mirija ya nyongo nazo hubandika michache. Kwa kawaida mihuri hiyo hutoka mwilini pamoja na nyongo. Mrija wa nyongo ukiziba, hurudi nyuma na kujaa kwenye damu.

Hapo ndipo lilipo jibu la nyumba ya kwanza. Mzee alikuwa na jiwe lililotoka kwenye mfuko wa nyongo likakwama kwenye mrija. Jiwe lile lilimpa macho ya njano, mkojo mweusi, kuwashwa na namba kubwa, vyote kwa pamoja. Kuvimba kwa ini na kuvimba kwa kongosho lenyewe pia huweza kuipandisha namba hiyo bila saratani yoyote. Kiwango kinachohesabiwa cha kawaida ni chini ya 37, lakini kupita 37 si hukumu.

Jibu la nyumba ya pili liko kwenye damu ya kurithi. Mbali na makundi ya A, B, AB na O ambayo watu huyajua wanapochangia damu, kuna mpangilio mwingine uitwao Lewis. Watu wasio na Lewis hawana kimeng'enya cha kutengeneza ile sukari. Hata wakiwa na uvimbe mkubwa wa kongosho, namba yao hubaki chini au karibu na sifuri. Hawaumwi kwa sababu hiyo na hawahitaji tiba, ila kipimo hiki hakiwaoni. Kati ya watu weupe, wa namna hiyo ni kama 5 hadi 10 kati ya 100. Kati ya watu wenye asili ya Afrika ni wengi zaidi. Kwa Wamarekani weusi vitabu vya maabara huwahesabu kuwa takribani mmoja kati ya watano. Kwa hiyo familia ya Kasanga inayopokea jibu la "safi" ina sababu kubwa kuliko familia ya Ulaya ya kutolitegemea jibu hilo peke yake.

Saratani hii huanza lini?

Habari ya kutia moyo ni kwamba ugonjwa huu hauzaliwi siku macho yanapogeuka. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na wenzao walisoma mabadiliko ya vinasaba katika uvimbe wa wagonjwa saba waliofariki, wakarudi nyuma kuhesabu miaka, kama mtu anavyohesabu umri wa mti kwa pete zake. Waliona kwamba tangu badiliko la kwanza hadi kupatikana seli ya kwanza ya saratani hupita zaidi ya miaka 10. Kisha hupita mingine mitano au zaidi kabla seli hizo hazijapata uwezo wa kusambaa. Baada ya hapo mgonjwa huishi miaka michache tu.

Maana yake ni kwamba upo muda mrefu ambao ugonjwa ungeweza kukamatwa ukiwa mdogo. Kinachokosekana ni jicho la kuuona.

Badiliko la kwanza mara nyingi hutokea kwenye protini iitwayo KRAS. Kazi yake ni kama swichi: huiambia seli igawanyike, kisha hujizima. Katika zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 wa saratani ya kongosho, swichi hiyo imekwama ikiwa imewashwa. Baadaye seli hupoteza protini za kuizuia, kwanza p16, na mwishoni p53 na SMAD4 ambazo ni kama breki. Mabadiliko haya huonekana kwenye kipande cha nyama kilichokatwa na kuwekwa chini ya darubini. Kuyaona kwa kutumia damu ya mtu aliye mzima, uvimbe ukiwa mdogo kuliko punje ya mahindi, ni kazi ngumu zaidi.

Watafiti wamejaribu milango mingi. Mwaka 2015 protini ya glipikani-1 ilitangazwa kwa kishindo kuwa inagundua saratani hii mapema, lakini wengine waliporudia hawakupata matokeo mazuri kama yale. Mwaka 2017 kundi la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilionyesha kwamba protini ya thrombospondini-2 ikipimwa pamoja na CA 19-9, hutambua wagonjwa wengi zaidi kuliko CA 19-9 peke yake. Mwaka 2021 ilionekana kwamba kwa baadhi ya watu CA 19-9 huanza kupanda takribani miaka miwili kabla ya ugonjwa kugunduliwa. Mwaka 2025 watafiti wa Oregon, Marekani, walieleza njia ya kutumia tone dogo la damu kupima vimeng'enya vinavyokata protini, ambavyo huchangamka kupita kiasi saratani inapokuwepo. Kazi hizi ni za kweli na zina matumaini. Lakini nyingi zilifanyika kwa kulinganisha damu za watu ambao tayari wanajulikana ni wagonjwa na damu za watu wanaojulikana ni wazima. Kumpima mtu yeyote anayepita njiani ni jambo jingine.

Hesabu ya watu 10,000

Chukulia watu wazima 10,000 wasio na dalili yoyote, na kati yao mmoja tu ana saratani ya kongosho iliyojificha. Chukulia pia kipimo kizuri sana, ambacho kati ya wazima 100 huwakosea wawili tu. Kwa watu 10,000 kitawakosea karibu 200. Yaani watu 200 wataambiwa wana alama ya saratani ilhali hawana, ili apatikane mmoja, na huyo mmoja naye huenda kipimo kisimwone.

Hao 200 watatafuta picha za mashine kubwa. Watauza mbuzi, mashamba na mashine za mitumbwi. Baadhi watachomwa sindano za kutoa nyama kwenye kongosho, jambo lenye madhara yake. Ndiyo maana mwaka 2019 jopo la wataalamu linaloishauri Marekani kuhusu upimaji wa magonjwa lilirudia msimamo wake kwamba watu wasio na dalili wasipimwe saratani ya kongosho. Wanaotazamwa kwa utaratibu maalumu ni wale ambao ugonjwa huu uko kwenye ukoo wao, kwa mfano wenye ndugu wa karibu wawili au zaidi waliougua, au wenye jeni za kurithi zinazojulikana kuongeza hatari. Nao hutazamwa kwa picha na kamera maalumu kila baada ya muda, si kwa namba moja ya damu.

Je, CA 19-9 haina kazi? Inayo. Kwa mgonjwa ambaye tayari saratani yake imethibitishwa, na ambaye damu yake ina uwezo wa kutengeneza sukari ile, daktari huitumia kuona kama upasuaji au dawa zinafanya kazi. Namba ikishuka ni habari njema, ikipanda tena ni onyo. Ni kipimo cha kufuatilia safari iliyokwishaanza. Kukitumia kumwambia mtu mzima kesho yake ni kukigeuza ramli.

Alama ambazo familia inaweza kuziona

Wakati maabara bado zinatafuta, zipo alama zinazoonekana nyumbani bila kulipia. Hakuna hata moja inayothibitisha saratani, lakini kila moja ni sababu ya kwenda kituo cha afya bila kungoja mavuno.

Ya kwanza ni macho na ngozi kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi, choo kuwa cheupe kama udongo mkavu, na mwili kuwasha. Sababu zaweza kuwa homa ya ini, mawe ya nyongo, malaria kali au uvimbe. Zote zinahitaji daktari, na ya njano isiyo na maumivu yoyote isidharauliwe kwa sababu tu haiumi.

Ya pili ni kisukari kinachoanza ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50, hasa kikiambatana na kukonda. Wengi wakipata kisukari ukubwani huwa wameongezeka uzito. Anayepata kisukari huku anapungua aulizwe zaidi. Hapa pia hofu isizidi: uchunguzi uliofanyika Minnesota, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2005 uliona kwamba kati ya watu 100 waliopata kisukari kipya baada ya miaka 50, chini kidogo ya mmoja ndiye aliyekutwa na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu.

Ya tatu ni maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, yanayozidi mtu akilala chali na kupungua akiinama mbele. Ya nne ni kukonda bila sababu na kukinai chakula. Ya tano ni choo chenye mafuta, kinachoelea na kunuka kuliko kawaida.

Wazazi wenye watoto wadogo wasichanganye mambo. Mtoto mwenye macho ya njano karibu kamwe hana saratani ya kongosho. Lakini naye apelekwe hospitali mapema, kwa sababu anaweza kuwa na malaria, homa ya ini au siko seli. Siko seli huvunja chembe nyekundu za damu na huweza kuleta mawe ya nyongo hata utotoni.

Kabla ya kuuza mashine

Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa aende na maelezo kamili: lini macho yalianza kubadilika, amepungua kiasi gani, sukari iligunduliwa lini, nani kwenye ukoo aliwahi kuugua hivi, anavuta tumbaku au hapana, anakunywa pombe kiasi gani. Dawa za majani alizokunywa azitaje pia, bila aibu, kwani nyingine huumiza ini na kumchanganya daktari.

Hatua inayofuata kwa mwenye njano huwa ni vipimo vya kawaida vya ini na ultrasaundi. Ultrasaundi huweza kuonyesha kama mrija wa nyongo umepanuka, na mara nyingi kama kuna mawe. Kongosho lenyewe haliioni vizuri kila mara, hivyo ikibaki shaka daktari huagiza CT-skani. Kutoka Kasanga kupitia Matai hadi hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Sumbawanga ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Mbele yake kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na huko Dar es Salaam kuna Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Familia iombe barua ya rufaa na iulize mapema bima yao inalipia nini. Nauli iliyotumika kufuata picha husaidia kuliko hela ileile iliyotumika kununua namba.

Mtu akija na kipimo kipya, aulizwe maswali matatu. Majibu yakiwa juu, hatua inayofuata ni ipi na itafanyika hospitali gani? Majibu yakiwa chini, yanathibitisha kwamba mgonjwa hana ugonjwa? Na dalili zikiendelea, nani atamwona tena? Anayeshindwa kujibu anauza karatasi.

Yapo pia ya kufanya kabla ya ugonjwa. Mvuta tumbaku ana hatari takribani mara mbili ya asiyevuta, na hatari hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita tangu aache. Pombe nyingi kwa miaka huvimbisha kongosho, na kongosho linalovimba mara kwa mara liko karibu zaidi na saratani. Unene uliopitiliza nao umo. Hakuna jani wala unga unaosafisha kongosho.

Na saratani ikithibitishwa, bado kuna la kufanya. Kwa wachache, kama 15 hadi 20 kati ya 100, uvimbe huwa bado unaweza kukatwa kwa upasuaji mkubwa. Wengine hupewa dawa za saratani, au huwekewa kijibomba kidogo cha kufungua mrija ili njano na kuwashwa viishe. Wote wana haki ya kutuliziwa maumivu. Tiba shufaa, pamoja na mofini ya kunywa, haimaanishi kwamba madaktari wamekata tamaa. Ni tiba ya kumwezesha mgonjwa kulala, kula na kuzungumza na watoto wake.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao. Mtoto anayeona watu wakinyamaza kila anapoingia hutunga hadithi yake mwenyewe, na mara nyingi huwa mbaya kuliko ukweli. "Babu anaumwa tumboni, tunampeleka kwa daktari, na tutakuambia daktari atakachosema" inatosha kwa wa miaka saba. Wa kidato cha tatu atataka zaidi, na apewe.

Turudi barazani

Mzee wa nyumba ya kwanza alikaa wiki tatu akiagwa kimyakimya. Aliyemwokoa ni muuguzi aliyepita kumsalimia, akamshika mkono na kuona anatetemeka kwa homa.

"Mzee wangu, ultrasaundi ulipiga?"

"Nilipimwa damu, mama."

"Damu nimesikia. Picha je?"

Hakuwa amepiga. Mrija ulioziba ulikuwa umeanza kupata maambukizi, na siku chache zaidi zingemuua kwa ugonjwa unaotibika. Jiwe lilitolewa. Mwezi uliofuata namba ilikuwa imeshuka hadi kawaida. Sasa anavua kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, kwa mgao, kwa sababu mashine yake haipo. Binti yake amelifuta lile tangazo kwenye simu, na kwenye kundi la WhatsApp ameandika sentensi moja: kwanza mpelekeni apigwe picha.

Mama wa nyumba ya pili alirudishwa hospitali miezi sita baadaye, maumivu yalipozidi pakiti za dawa. Picha ilionyesha uvimbe kwenye mkia wa kongosho, sehemu iliyo mbali na mrija wa nyongo, ndiyo maana macho yake hayakuwahi kuwa ya njano. Hakuna awezaye kusema kwa uhakika kwamba miezi ile sita ingempa upasuaji. Inajulikana tu kwamba ilitumika kusubiri kwa sababu ya sifuri.

Anatumia mofini sasa na usiku analala. Asubuhi anataka akae nje aone watu wakianika dagaa. Mke wa yule mzee hupanda kilima kila siku na bakuli la uji wa ulezi, wanakaa pamoja, na wakati mwingine mama humaliza bakuli lote.